Siku Profesa Alipotushikia Kamba

Mkifika chuo, nyinyi vijana mnaojiandaa kwenda, msianze kwa kuuliza choo kiko wapi. Hicho mtakiona kwa pua. Ulizeni profesa wenu anaandikia mkono gani. Akiandikia wa kulia, kaeni upande wa kulia wa ukumbi. Akiandikia wa kushoto, hamieni kushoto. Ukikaa upande usiofaa utatazama bega lake muhula mzima, na bega halina hesabu ndani yake. Nimefundisha hesabu hapa Machakos tangu wengi wenu hamjazaliwa hadi juzi waliponikatia keki ya kustaafu, na jambo hilo sijawahi kuliona limeandikwa popote. Basi leo mmelipata, bure.

La pili ni la wale watakaokuwa walimu. Chaki ikilia ubaoni, ivunje katikati. Usiibembeleze, usiilambe, ivunje. Kilio chake ni cha urefu tu. Nilifundisha muhula mzima shule ya msingi huku watoto wameziba masikio kabla sijaambiwa hivyo na mpishi, na hata yeye alisema alikuwa amechoka kusikia.

Chuo nilichosomea sikitaji jina, wenyewe wanajijua. Ni kile kikongwe, chenye majengo ya mawe na nyasi ambazo ukizikanyaga unapigiwa filimbi. Miaka ile ya tisini mtu wa Kalama, kwetu milimani, akiitwa kule, kanisa zima lilisimama kumpigia makofi. Mimi nilisimamishwa hivyo nikiwa tayari mtu mzima, mwalimu wa msingi niliyepewa ruhusa ya kwenda kusoma. Nilidhani nakwenda mahali ambapo maji hayakatiki na watu hula kwa uma.

Kumbe! Chumba changu kilikuwa cha wasichana wawili kwa mujibu wa ofisi, na cha wanne kwa mujibu wa magodoro. Tulipika kwa koili ya umeme chini ya meza. Jioni kila chumba kikichomeka koili yake, stima ilipotea jengo zima, na ungesikia kelele zinapanda kutoka ghorofa ya kwanza hadi ya juu, halafu kicheko, halafu watu wanaulizana nani ana mkaa. Maktaba nayo ilikuwa na kitabu kimoja na foleni ya darasa zima, kwa hiyo wajanja walikificha. Ulipotaka kitabu cha hesabu ulikwenda kukitafuta kwenye rafu za dini, nyuma ya maisha ya watakatifu. Nilivipata vingi huko. Nakiri nilipendezwa na watakatifu pia.

Profesa wetu wa hesabu za mwaka wa pili tulimwita Mgongo. Si kwa ubaya, ila hicho ndicho tulichokijua. Aliingia ukumbini akiwa ameshaanza kusema, akageukia ubao, akaandika mpaka ukajaa, akafuta, akaandika tena, akatoka. Koti lake la kahawia lilikuwa na kiraka kwenye kiwiko, na kila mmoja wetu angeweza kukichora kile kiraka hata usingizini. Lakini uso? Mwenzangu mmoja alikaa naye benchi moja hospitalini asubuhi nzima, wakazungumza habari za mvua na bei ya mahindi, na hakumtambua mpaka mzee wa watu aliposimama akageuka kuondoka.

Msidhani alikuwa mjinga. Mtu yule alikuwa na akili za kutisha. Aliijua hesabu ile kama nyinyi mnavyoijua njia ya kwenda kwenu, na mtu anayeijua njia hivyo husahau kwamba mgeni anahitaji kuambiwa akate kona wapi. Somo lililonishinda lilihusu mistari isiyokatika. Mstari usiokatika ni ule unaoweza kuuchora bila kuinua kalamu, hilo hata mtoto analiona. Kazi iko katika kulithibitisha. Profesa aliandika herufi mbili za Kigiriki, epsiloni na delta, na sentensi moja: kwa kila epsiloni, ipo delta. Niliinakili vizuri, maana nina mwandiko wa mwalimu wa msingi. Niliikariri kama Baba Yetu. Mtihani ukaja, nikaanguka.

Ukianguka karatasi, ulipewa nafasi moja ya kurudia, na hiyo tuliita sapu. Ukianguka sapu ulifukuzwa chuo, na hiyo tuliita disko, ingawa sijawahi kuona aliyeicheza. Sapu yangu ingefanywa pamoja na mtihani wa darasa lililonifuata, na kabla ya hapo nisingeruhusiwa kuingia mwaka wa tatu. Na kule nyumbani mama yangu alikuwa ameshawatangazia watu wa Kalama kwamba binti yake atavaa joho. Alikuwa ameshachagua mahali pa kusimamisha hema la sherehe, na kwa kuwa palikuwa na mlimau, akaukata. Mlimau wake mwenyewe, uliokuwa ukizaa, kwa ajili ya joho ambalo sikuwa nalo. Kila nilipofikiria kisiki kile nilifungua notsi upya.

Halafu wanafunzi wakagombana na wakubwa, mawe yakaruka, moshi wa kutoa machozi ukaingia mpaka jikoni, na chuo kikafungwa. Tukaambiwa tuondoke kabla jua halijazama. Hakuna aliyesema tutarudi lini. Nilifika nyumbani na godoro kichwani na ndoo mkononi.

"Umemaliza?" mama akaniuliza.

"Hapana, mwaitu. Wamefunga chuo."

Mwaitu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama. Akanitazama, akatazama godoro.

"Wamefunga. Chuo hufungwa kama duka?"

Sikumwambia habari za sapu. Nilimwambia niko na kazi ya kusoma, akasema hata yeye yuko na kazi.

Kwa bahati nzuri kulikuwa na wengine watatu kutoka Machakos, wa lile darasa lililonifuata. Salim alizaliwa mjini, nyuma ya soko, katika familia ambayo babu yao alitoka Pwani. Mama yake alikuwa na hoteli ndogo ya chai na mahamri. Kioko alitoka Tala, kijana wa maneno machache, mama yake akiuza mitumba. Ndunge alikuwa msichana wa Kyumbi, na maneno ambayo Kioko hakuyasema aliyasema yeye. Hao watatu walielewa upesi lakini nusu ya masomo yao ilikuwa imeliwa na vurugu. Mimi nilikuwa na notsi zote na sikuelewa kitu. Mnaona basi tulivyohitajiana. Kwa Salim kulikuwa na wateja, kwa Kioko kulikuwa na marobota ya nguo hadi darini, kwa Ndunge kulikuwa na malori ya barabara kuu. Tukakubaliana waje kwetu Kalama. Walilala kwetu, wavulana kwenye ghala, na waliniita Mwalimu kwa sababu nilikuwa mkubwa wao.

Tukaegemeza mlango wa zamani kwenye ukuta wa nyumba, penye kivuli chembamba, ukawa ubao. Na sasa sikilizeni tulichofanya, watu wazima wenye akili zetu. Salim alisimama mbele, akatugeuzia mgongo, akaandika mpaka mlango ukajaa. Akafuta. Akaandika tena. Sisi tukanakili. Tulikuwa tumetoroka chuo na kumbe tumekuja nacho nyumbani, pamoja na mgongo wake. Tulipomaliza, Ndunge akauliza nani ameelewa, na hata Salim, mwenye chaki, akatikisa kichwa.

Mama alikuwa akitupita na maji, akitupita na kuni, akitutazama. Siku ya tatu akasimama.

"Wewe mwana wa Mombasa," akamwambia Salim. Salim Mombasa alikuwa amefika mara moja, kwa harusi. "Nyinyi watu wa Kiswahili husemaje kuhusu mgeni?"

Salim akatabasamu kwa huzuni. "Mgeni siku mbili, Mama. Siku ya tatu mpe jembe."

"Basi majembe yako hapo nyuma."

Mama alikuwa mwenyekiti wa mwethya. Nyinyi wa siku hizi mnalisikia neno hilo kwenye mikutano ya kuomba kura, lakini mwethya ulikuwa kazi. Jirani wanakwenda leo shamba la huyu, kesho la yule, wanachimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kwenye milima yetu tunachimba fanya juu: unachimba mtaro na udongo unautupa upande wa juu. Salim, asubuhi yake ya kwanza, aliutupa upande wa chini, wote ukaingia kwenye viatu vya mama kiongozi wa kwaya. Wanawake walikuwa wamemtungia wimbo kabla hajaomba radhi. Ilipofika saa sita malengelenge ya mikono yake yalikuwa na ubeti wao wenyewe, na yeye mwenyewe alikuwa akiuitikia.

Kundi lile lilikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyezivunja. Ya kwanza, mwenye shamba husema kwanza. Hakuna kugusa udongo kabla hajasema anataka nini. Hata kama ni bibi kizee asiyeweza kuinua jembe, mnasimama mnamngoja. Ya pili, mchimbaji dhaifu hawekwi pembeni. Anawekwa katikati ya mstari, kati ya wenye nguvu wawili, na wimbo unambeba. Ukimweka pembeni atabaki nyuma peke yake, na mstari wote utapinda. Salim aliwekwa katikati. Mimi pia niliwekwa katikati, maana miaka ya chuo ilikuwa imenilegeza, na mama hakujali kwamba ni mimi.

Siku hiyo mchana tulirudi kwenye mlango wetu tukiwa tumechoka na tumeshiba muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, chakula ambacho ukikila huwezi kujifanya una haraka. Ndunge ndiye aliyesema. "Kwani kwa nini hapa mbele anasimama yule anayejua? Shamba si lake. Yeye mahindi yake yameshaota."

"Ni la nani basi?" Salim akauliza.

"La Mwalimu. Yeye ndiye hajui."

Nilimkasirikia kidogo, lakini nikasimama mbele. Ikawa sheria yetu: asiyejua ndiye mwenye shamba, na ndiye husema kwanza. Hakuruhusiwa kusema "sielewi" tu, maana hiyo ni sawa na kuwaambia watu wa mwethya "chimbeni." Ilibidi aseme hasa kinachomkwamisha kiko wapi. Wengine walingoja. Jamani, ni vigumu kusema usilolijua. Nilianza sentensi, nikaikatiza, nikaanza nyingine. Nilitoka jasho kuliko asubuhi. Lakini ukishaweza kusema, nusu ya tuta imechimbwa.

Wale niliowafundisha miaka ya baadaye sasa wanacheka, maana wanajua nilikotoa lile swali langu la kila asubuhi, "Leo shamba ni la nani?" Nimeliuliza nikiwa na chaki, nimeliuliza zilipokuja kalamu za ubao mweupe, nimeliuliza tulipoletewa projekta miaka ya elfu mbili. Projekta ni kitu kizuri, ila stima ikipotea mwalimu naye anapotea nayo. Swali lile halihitaji stima. Na mwanafunzi dhaifu kwangu hakukaa nyuma wala pembeni. Alikaa katikati ya darasa, kati ya wawili wanaojua, mpaka nikasahau kwamba alikuwa dhaifu.

Turudi mlimani. Asubuhi moja shamba lilikuwa la mama, na mimi na Salim tulipewa kamba ya kupimia. Kamba hiyo inafungwa kwenye vijiti viwili na pima maji inaning'inia katikati, ili ilale sawa. Mmoja anasimama na kijiti juu, mwingine anateremka na cha chini, na unaona mlima umeshuka kiasi gani kati yenu. Mama akasema kwanza, kama sheria inavyotaka.

"Kutoka tuta mpaka tuta, usishuke kupita kiuno changu."

Salim akateremka, tukapima, ikapita kiuno. Akapanda kidogo, ikatosha. Tukaenda sehemu ya juu, karibu na mboga.

"Hapa nataka usipite goti."

Salim akasogea karibu zaidi, ikatosha. Mama akaona tunavyopata kirahisi, akaanza kututania. "Na nikitaka kisigino?" Salim akasogea karibu kabisa, ikatosha. Kisha tukafika kwenye lile korongo lililokatwa na mvua. Mama akasema kiuno, mimi nikasimama ukingoni, na Salim akashuka ndani ya shimo la kumzidi mtu, hatua moja tu kutoka kwangu. Akasogea mpaka akagusa ukuta wa udongo chini ya viatu vyangu. Shimo likabaki shimo.

Nikahisi kichwa kimefunguka kama dirisha. Mama anataja kiasi anachovumilia, hata kiwe kidogo vipi. Mimi namjibu kwa umbali wa kusogea. Mlima ukiwa haujakatika, jibu lipo daima. Ukiwa umekatika, hakuna jibu hata ukisogea vipi. Na mama husema kwanza! Kwenye mtihani nilikuwa nimechagua umbali kwanza, nikamlazimisha mama akubali. Nikaacha kijiti kikaanguka.

"Salim, hatua yako ndiyo delta," nikasema. "Mama ndiye epsiloni."

Mama akainua jembe kutoka ardhini. "Mimi ni nani?"

"Epsiloni, mwaitu."

"Mutheu, usinitukane mbele ya watu."

Salim alikaa chini kwenye udongo akacheka hadi machozi yakamtoka, na wanawake wakaongeza ubeti mwingine.

Chuo kilipofunguliwa tena tulikuwa tumechimba nusu ya Kalama na kumaliza hesabu zote za mwaka. Mtihani ulikuja haraka, kama walivyofanya siku zote wakishafungua. Swali la mistari isiyokatika lilikuwa la kwanza. Niliandika huku natabasamu mpaka msimamizi akaja kutazama kuna nini chini ya meza yangu. Nilitoka nje nikijua nimepita. Mtu anajua.

Kisha majina yetu sisi wanne yakabandikwa ubaoni, na si kwenye orodha ya waliopita. Tuliitwa mbele ya Profesa na mkuu wa idara, mama mmoja mrefu aliyevaa miwani shingoni. Udanganyifu katika mtihani. Adhabu yake haikuwa sapu wala disko. Ilikuwa kufukuzwa na kutoguswa na chuo kingine chochote, na kwangu mimi ilikuwa kumwaga unga pia, maana nani angemrudishia chaki mwalimu mwizi wa mitihani? Nilimfikiria mama na kisiki chake.

Ofisi ilikuwa ndogo, kwa hiyo walitupeleka kwenye ukumbi wetu wa mihadhara, ule wenye viti vinavyopanda kwa ngazi. Tukasimama mstari mmoja mbele, mimi mwishoni karibu na mlango. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Profesa usoni. Alikuwa na macho ya upole, yaliyochoka. Alisema kwa Kiingereza chake kizuri, mimi nawapa kwa lugha yetu.

"Watu wanne, mliokaa pembe nne za chumba. Na wote wanne, katika swali la kwanza, mmeandika kuhusu kiuno cha mama mmoja. Wote wanne mna goti lake, na mna korongo. Nimefundisha maisha yangu yote na sijawahi kumtaja mama huyu. Mmoja wenu aliandika, wengine wakanakili. Nitajieni aliyenakili, waliobaki waende zao."

Akanitazama mimi. Mkuu wa idara pia. Nani angenakili kama si yule aliyeanguka mwaka uliopita? Hata mimi ningejitazama mimi. Wale watatu walikuwa vijana, wana maisha mbele yao, na neno moja tu lingewafungulia mlango.

Halafu Salim, aliyekuwa upande wangu wa ndani, akatoka kwenye nafasi yake, akazunguka nyuma yangu, akaja kusimama upande wa mlango. Kioko na Ndunge wakajisogeza wakanikaribia. Wakubwa wale wawili hawakuona chochote zaidi ya vijana wanaohangaika na miguu. Mimi niliona. Walikuwa wameniweka katikati.

Nawaambieni, sijapata kupendwa hivyo na watu wasio ndugu zangu. Machozi yalinilengalenga, na hofu yote ikanitoka.

"Profesa," nikasema, "kwetu mwenye shamba husema kwanza. Leo shamba ni lako. Sema unataka nini, na umuulize yeyote kati yetu. Anza na mimi."

Mkuu wa idara akakunja uso, lakini Profesa akainamisha kichwa. "Huyu mama ni nani?"

"Ni mama yangu. Tafadhali nitahitaji kamba."

Hakukuwa na kamba, kwa hiyo Kioko akavua viatu, akaunganisha nyuzi zake na za Salim. Kioko alikuwa na chupa ya maji pia, iliyojaa nusu, akaishika kando ya uzi tuone kama umelala sawa. Pembeni mwa ngazi za ukumbi kulikuwa na reli ya chuma ya kushikilia, inayoteremka moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Nikampa Profesa ncha ya uzi.

"Shika hapa kwenye reli, Profesa. Wewe ndiye mama sasa. Nitajie mteremko unaovumilia."

Akaukazia macho uzi ule. "Shibiri."

Nikashuka na ncha yangu, nikapima, ikazidi. Nikapanda kidogo, ikatosha.

"Kidole."

Nikasogea, ikatosha.

"Nusu ya kidole," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikasogea, ikatosha.

"Sasa hamia kwenye ngazi zenyewe," nikamwambia. Akahamia, profesa mzima, akainama na uzi wa kiatu mkononi ukingoni mwa ngazi. "Taja kidole tena." Akataja. Nikasogea kutoka ngazi ya chini mpaka mkono wangu ukagusa wake, na kimo cha ngazi kilikuwa kile kile. "Reli haijakatika, Profesa. Ngazi zimekatika. Hilo ndilo tuliloandika, sisi wanne, kwa sababu tulilichimba sisi wanne."

Lakini msifikiri mtu wa aina ile anashindwa kirahisi hivyo. Alibaki ameinama, akaniuliza swali ambalo halikuwa kwenye notsi zangu.

"Na mlima ambao unazidi kuwa mkali kadiri unavyoupanda. Je, hatua moja ile ile itatosha kila mahali?"

Nikafumba macho. Nikaona Kalama, nikaona mama anavyosogeza vijiti akipanda. "Kama mlima hauna kilele, haitatosha. Hatua yoyote utakayochagua, kuna mahali kule juu itakushinda. Lakini kama mlima una mwanzo na mwisho, na haukatiki, chukua hatua ya mahali pakali kuliko pote. Itatosha kote."

Profesa akanyooka polepole, mkono kiunoni. Akamgeukia mkuu wa idara. "Hilo nilipanga kuwafundisha mwaka wa tatu," akasema. Kisha akawauliza wale wengine, mmoja mmoja, na kila mmoja akamjibu kwa njia yake. Ndunge ilibidi anyamazishwe. Mkuu wa idara alivaa miwani yake, akatutazama upya, akasema twende tukavae viatu.

Tulipita, wote. Mama nilimweleza yote siku ile, sapu na disko na kiuno chake mbele ya profesa, akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo chuoni wananijua," akasema. Alisimamisha hema pale pale penye kisiki, na siku ya joho watu wa mwethya walikuja na majembe yao begani, wakiimba ule wimbo wa malengelenge, Salim akiuongoza kwa Kikamba kilichopinda.

Lakini ushindi niliotaka kuwaambia si wa hema. Ni wa wiki ile masomo yalipoanza upya, baada ya mtihani ule. Nilikaa upande wa kulia, mbele, kama nilivyowaagiza nyinyi. Mlango ukafunguka, Profesa akaingia akiwa ameshaanza kusema, akageukia ubao, akaandika mstari wa kwanza. Kiraka kilikuwa pale pale. Akaanza mstari wa pili, mkono ukasimama. Alikaa hivyo muda mpaka watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee anaumwa.

Halafu akageuka. Ukumbi mzima ulitazama uso ule kana kwamba ni mtu mpya ameajiriwa. Akaweka chaki chini, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kamba ya katani, ndefu, iliyokunjwa vizuri.

"Leo shamba ni la nani?" akauliza. "Na nani atanishikia upande wa pili?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.